Apropos ikikujibu "nothing appropriate": dalili, chanzo na tiba

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliniita kwenye kompyuta ya pembeni, ile iliyo karibu na dirisha linaloingiza upepo wa bahari pamoja na chumvi yake. "Mwalimu, hii haina vitabu." Alikuwa ameandika amri ya kutafuta kurasa za mwongozo kwa neno:

```
apropos partition
```

Na mashine ikamjibu:

```
partition: nothing appropriate.
```

Nikamwambia aandike `man fdisk`. Ukurasa ukafunguka kuanzia kichwa hadi mkia, akanitazama kama nimefanya kiinimacho. Vitabu vilikuwepo vyote. Kilichokosekana ni leja.

Haya ninayoyaandika nimeyaokota katika maabara ya kompyuta ninayoitunza hapa Mtwara mjini. Mashine zetu zote ni za Linux: nyingi zina Debian au Ubuntu, chache Fedora. Intaneti ipo, lakini si ya kuiwekea dhamana. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika. Wiki ile hakuna aliyeweza kuuliza kitu mtandaoni. Tulibaki na kurasa za mwongozo zilizomo ndani ya mashine zenyewe, na ndipo nilipogundua kwamba nusu ya mashine zetu zilikuwa na leja mbovu.

## Ghala na karani wake

Aliyewahi kupeleka korosho kwenye ghala la chama cha msingi anaelewa jambo hili bila kuchorewa. Magunia yako ndani, yamepangwa. Karani yuko mlangoni na leja yake. Ukimuuliza kama mzigo fulani upo, haingii ndani kuhesabu magunia, anafunua leja. Kisichoandikwa humo kwake hakipo, hata kama kiko hatua tatu nyuma ya mgongo wake.

Kwenye Linux, magunia ni kurasa za mwongozo, nazo hukaa `/usr/share/man` katika folda `man1`, `man2` na kuendelea. Leja ni faharasa iliyoko `/var/cache/man/index.db`. Karani ni `mandb`. Amri za `apropos` na `whatis` (ndizo hizo hizo `man -k` na `man -f`) husoma leja peke yake. Lakini `man` ina ruhusa ya kuingia ghalani kwa miguu yake, ndiyo maana hufungua ukurasa ambao `apropos` inaapa kuwa haupo.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, amua kwanza: gunia halipo, au halijaandikwa? Amri mbili zinatosha:

```
man -w fdisk
whatis fdisk
```

Ya kwanza ikikupa njia ya faili, mfano `/usr/share/man/man8/fdisk.8.gz`, na ya pili ikasema `nothing appropriate`, tatizo ni leja. Zote mbili zikigoma, ukurasa wenyewe haumo kwenye mashine. Hata ukiiendesha `mandb` mpaka jioni hutapata kitu, ruka hadi sehemu ya ghala tupu. Zote mbili zikijibu vizuri na bado hupati unachotafuta, basi mashine ni nzima, swali lako ndilo lina kasoro. Hilo nalo lina sehemu yake, ya mwisho.

Nimeona watu wakisakinisha mfumo upya kwa kukosa kuuliza maswali hayo mawili.

## Dalili: leja ni tupu kabisa

Jaribu hivi:

```
apropos .
```

Nukta humaanisha herufi yoyote, kwa hiyo mashine yenye afya itamwaga orodha ndefu isiyoishia kwenye skrini. Ukipata `.: nothing appropriate.` basi faharasa haijawahi kutengenezwa, au imefutwa na mtu aliyekuwa anasafisha `/var/cache` ili apate nafasi. Tiba ni moja:

```
sudo mandb
```

Itakuambia inapita folda gani, na mwishoni itataja kurasa ngapi zimeongezwa. Namba hiyo ikiwa sifuri ilhali leja ilikuwa tupu, usiridhike. Rudi kwenye swali la gunia.

Je, haikupaswa kujitengeneza yenyewe? Inapaswa. Kuna taima ya systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo) inayoiita kila siku:

```
systemctl status man-db.timer
```

Kwenye Debian na Ubuntu taima hii imepewa uhuru wa kuchelewa kwa muda usiozidi saa 12 ili isigombanie diski na kazi nyingine. Kompyuta inayowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa tano, kama za maabara, inaweza kuzimwa kabla zamu haijafika. Siku inayofuata itafidia. Ikiwa taima imezimwa kabisa, iwashe kwa `sudo systemctl enable --now man-db.timer` na yaishe.

## Dalili: kurasa za zamani zinaonekana, mpya hazionekani

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Umesakinisha programu. `man` inafungua ukurasa wake. Unaendesha `sudo mandb`, inamaliza kwa sekunde moja, inasema kurasa 0 zimeongezwa. Unarudia, sifuri tena. Hakuna kosa lolote kwenye skrini. Karani anakutazama usoni na kukuambia hakuna mzigo mpya.

Lazima ujue karani huyu anafanyaje kazi. Hapiti gunia kwa gunia kila siku, angechoka. Anasimama mlangoni pa kila chumba na kusoma tarehe iliyoandikwa mlangoni: chumba hiki kimeguswa lini mara ya mwisho? Kisha analinganisha na tarehe ya leja yake. Tarehe ya mlango ikiwa mpya kuliko ya leja, anaingia. Ikiwa ya zamani, anapita moja kwa moja. Mlango ni folda kama `man1`, tarehe yake ni wakati folda ilipobadilishwa, na tarehe ya leja ni wakati faili la `index.db` lilipoandikwa.

Sasa fikiria saa ikidanganya.

Kompyuta yetu moja betri yake ndogo ya madabodi, zile za duara aina ya CR2032, ilikufa. Kila umeme ukikatika, saa inapotea. Mtu mmoja mwenye nia njema akaingia kwenye mipangilio ya mashine akarekebisha tarehe kwa mkono, na kidole kikateleza: badala ya 2023 akaandika 2032. Mashine ikafanya kazi hivyo nusu siku. Katika nusu siku hiyo programu moja ikasakinishwa, `mandb` ikapita, ikaandika leja na kuipiga muhuri wa mwaka 2032. Jioni mtandao uliporudi, saa ikajisahihisha yenyewe, kila mtu akasahau.

Tangu hapo, kila ukurasa uliosakinishwa uliingia kwenye folda yenye tarehe ya kweli, nayo daima ilikuwa nyuma ya 2032. Karani alikuwa anasubiri miaka tisa ipite.

Utaliona hili kwa kuweka tarehe tatu pamoja:

```
date
ls -ld --time-style=full-iso /usr/share/man/man8
ls -l --time-style=full-iso /var/cache/man/index.db
```

Leja ikiwa na tarehe iliyo mbele ya leo, umeshamkamata mwizi. Kinyume chake nacho hutokea: saa ikarudi nyuma, mtu akasakinisha programu kutoka kwenye flashi bila mtandao, na folda ikapata tarehe iliyo nyuma ya leja. Matokeo ni yale yale. Rekebisha saa kwanza, ubadilishe na betri, kisha mlazimishe karani aandike leja mpya kuanzia ukurasa wa kwanza bila kutazama milango:

```
timedatectl
sudo mandb -c
```

Hiyo `-c` ndiyo dawa. Lakini usiitumie kila siku kama panadoli. Ukiizoea hutajua saa yako ni mbovu mpaka kitu kikubwa zaidi kiharibike.

Mtego wa pili ni wa kwangu mwenyewe. Nilikuwa nasambaza kurasa zetu za ndani kwa `rsync -a` kutoka mashine moja kwenda nyingine zote. Ile `-a` huhifadhi tarehe za folda pia. Kwa hiyo ukurasa mpya unaingia, folda inabadilika, halafu mwisho wa kazi `rsync` inaurudishia mlango tarehe ya kule ilikotoka, ambayo inaweza kuwa ya wiki iliyopita. Leja ya mashine inayopokea iliandikwa jana. Karani anapita. Dawa yangu sasa ni mstari mmoja baada ya kunakili:

```
sudo touch /usr/local/share/man/man1
sudo mandb
```

`touch` inaupa mlango tarehe ya sasa, basi. Angalia pia kwamba folda za `/usr/local/share/man` zina leja yao tofauti kwenye Debian na Ubuntu, iko `/var/cache/man/local/index.db`. Mara mbili nimekagua tarehe ya leja isiyohusika.

Na mtego wa tatu ni mdogo: ukinakili ukurasa uliosahihishwa juu ya ule wa zamani kwa `cp`, maandishi ya faili yanabadilika lakini tarehe ya folda haibadiliki, kwa sababu hakuna kilichoingia wala kutoka chumbani. Leja itabaki na maelezo ya zamani. `touch` kwenye folda inatibu na hili.

## Dalili: ilikuwa nzima, umeme ukakatika, sasa inalalamika

Ukiona ujumbe wenye neno `corrupt` au `gdbm`, faharasa imeharibika. GDBM ni aina ya hifadhidata ndogo ambayo Debian na Ubuntu huitumia kuandika leja hiyo, na faili lake likikatwa katikati halisomeki.

Mara nyingi huwa haifiki huko. `mandb` ina adabu: huandika kwanza kwenye faili la muda, kisha ndipo hulibadilisha jina kuwa `index.db`. Umeme ukikatika njiani, leja ya zamani inabaki nzima na faili la muda linaachwa limelala pale. Ukitazama ndani ya `/var/cache/man` ukakuta faili ambalo jina lake ni namba tupu, mfano `3412`, ndilo hilo. Namba ni ya mchakato uliokufa.

Hakuna data ya kuokoa hapa. Ni leja tu, na magunia yapo. Hakikisha kwanza hakuna `mandb` nyingine inayoendelea, kisha futa na uandike upya:

```
pgrep mandb
df -h /var
sudo rm -f /var/cache/man/index.db
sudo mandb -c
```

Hiyo `df` si pambo. Diski iliyojaa hutoa dalili zinazofanana sana na za umeme kukatika, na ukifuta leja kwenye diski iliyojaa hutapata nyingine. Kama nafasi inaonekana ipo lakini bado anakataa, jaribu `df -i`. Huenda idadi ya faili ndiyo imefika kikomo.

## Dalili: Permission denied

Ukiendesha `mandb` bila `sudo`, wewe ni mtumiaji wa kawaida na leja ya wote si yako. Hilo si kosa.

Kosa ni pale taima yenyewe inapokataliwa. Kwenye Debian na Ubuntu kazi ile ya kila siku huendeshwa na mtumiaji anayeitwa `man`, siyo `root` (msimamizi mkuu), na folda ya `/var/cache/man` inatakiwa iwe mali yake. Mtu akirudisha mashine kutoka kwenye hifadhi ya nakala bila kujali umiliki wa faili, folda inakuwa ya `root`, na karani anafungiwa nje ya ofisi yake mwenyewe. Utaliona kwenye logi:

```
journalctl -u man-db.service
```

Rekebisha:

```
sudo chown -R man:man /var/cache/man
sudo systemctl start man-db.service
```

Kwenye Fedora usifanye hivi, huko umiliki umepangwa tofauti.

## Dalili: ghala lenyewe ni tupu

`man -w` nayo inasema `No manual entry`. Kama ni programu moja tu, huenda ukurasa wake uko kwenye paketi tofauti. Kurasa za miito ya mfumo (system calls) na za maktaba ya lugha ya C, kwa mfano, ziko kwenye `manpages-dev` kwa upande wa Debian.

Kama ni programu zote, mfumo wako ulisakinishwa kwa namna ya kubana nafasi. Hili ni la kawaida kwenye kontena na kwenye seva za kukodi. Kwenye Ubuntu iliyobanwa, ukiandika `man` unapata ujumbe unaoanza hivi:

```
This system has been minimized by removing packages and content that are
not required on a system that users do not log into.
```

Ujumbe huo huo unakutajia dawa, amri ya `unminimize`. Inafanya kazi, lakini inapakua upya paketi nyingi ili kurudisha nyaraka zilizoachwa, na kwa bando la simu utaisikia. Ukiwa na kurasa chache tu unazozihitaji, ni nafuu kufungua faili lililoko `/etc/dpkg/dpkg.cfg.d/`, kuondoa mstari wa `path-exclude=/usr/share/man/*`, kisha kusakinisha upya paketi hizo peke yake:

```
sudo apt install --reinstall util-linux
```

Kwenye Fedora na jamaa zake, tafuta `tsflags=nodocs` ndani ya `/etc/dnf/dnf.conf`. Mstari huo ukiwepo, kila paketi husakinishwa bila nyaraka na hakuna onyo lolote.

Ndani ya kontena la kuendeshea programu, kwa maoni yangu, acha hivyo hivyo. Soma kurasa kwenye mashine yako. Hakuna anayeingia kwenye kontena kwenda kusoma.

## Dalili: kwa wengine inafanya kazi, kwako haifanyi

Umekaa kwenye mashine ile ile na mwenzako. Yeye akiandika `whatis tar` anajibiwa, wewe unanyimwa. Basi usihangaike na leja. Andika:

```
manpath
```

Ikikujibu na onyo hili

```
manpath: warning: $MANPATH set, ignoring /etc/manpath.config
```

kuna mstari kwenye `.bashrc` yako, uliounakili mahali wakati wa kusakinisha kitu, unaofanana na `export MANPATH=/opt/zana/share/man`. Mstari huo unamwambia karani asahau maghala yote na kutazama hilo moja. Weka nukta pacha mwishoni, ghala lako litatangulia na mengine yatafuata:

```
export MANPATH=/opt/zana/share/man:
```

Au ufute mstari wote. `/opt/zana/bin` ikishakuwa ndani ya `PATH` yako, `man` hutambua yenyewe kwamba kuna `share/man` pembeni yake. Watu wengi huweka `MANPATH` bila haja yoyote.

## Dalili: usakinishaji unakwama kwenye "Processing triggers for man-db"

Haijakwama. Karani anaandika. Kwenye diski za zamani zinazozunguka inaweza kuchukua dakika kadhaa, na watu hukata tamaa wakabonyeza Ctrl-C, kisha wakapata matatizo mengine ya `dpkg` (msakinishaji wa paketi) juu yake. Subiri.

Kisha angalia toleo kwa `man --version`. Toleo la 2.10.0, lililotoka mwaka 2022, liliharakisha kazi hii kwa kiasi kikubwa. Maelezo ya toleo hilo yanataja mashine ya majaribio ambayo `mandb -c` ilishuka kutoka sekunde 344 hadi 10. Ubuntu 20.04 ina 2.9.1 na Debian 11 ina 2.9.4, zote ni za kabla ya hapo. Ubuntu 22.04 na Debian 12 zinafaidi.

Ukilazimika kubaki na mfumo wa zamani, zima uandishi wa papo kwa papo:

```
echo "set man-db/auto-update false" | sudo debconf-communicate
sudo dpkg-reconfigure man-db
```

Taima ya kila siku haiguswi, kwa hiyo ukurasa mpya utachelewa kuingia kwenye leja kwa siku moja hivi.

## Maonyo yanayotisha bure

`mandb` ni mlalamishi. `dangling symlink` maana yake kuna kiungo kinachoelekeza kwenye ukurasa ambao haupo tena, mara nyingi mabaki ya programu iliyoondolewa. Ukitaka kuviona vyote: `find /usr/share/man -xtype l`. `ignoring bogus filename` maana yake umeacha faili kama `maelezo.txt` au nakala ya `.bak` ndani ya `man1`, liondoe. Hayo mawili hayamzuii kuandika mengine. Onyo moja tu ndilo la kulisikiliza, lile la `whatis parse for ... failed`, nalo linakuja hapa chini.

## Mashine ni nzima, swali ndilo lina kasoro

Yule mwanafunzi wa dirishani, leja ilipopona, aliandika tena `apropos partition` na akapata orodha yake. Akafurahi. Dakika moja baadaye akaniita tena:

```
apropos kugawa
kugawa: nothing appropriate.
```

Sikucheka, maana kwa kweli kosa si lake. `apropos` hutafuta kwenye jina la ukurasa na ule mstari mmoja wa maelezo mafupi, basi, na mistari hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Hata kwa Kiingereza, neno likiwa limo katikati ya ukurasa lakini si kwenye mstari ule, halitaonekana. Kwa hilo kuna `man -K`, herufi kubwa, inayopekua magunia yote moja moja. Ni polepole, itumie mwishoni. Ukiwa na maneno mawili na unataka yote yawepo, tumia `apropos -a`. Ukitaka amri za msimamizi wa mfumo tu, ongeza `-s 8`.

Na kama umeweka lugha ya mfumo kuwa Kiswahili ukakutana na

```
man: can't set the locale; make sure $LC_* and $LANG are correct
```

ni kwamba lugha hiyo imetajwa lakini haijatengenezwa. Kwenye Debian fungua `/etc/locale.gen`, toa alama ya `#` kwenye mstari wa `sw_TZ UTF-8`, kisha endesha `sudo locale-gen`. Kurasa zitaendelea kuwa za Kiingereza, lakini kelele itaisha.

Swali lile la `kugawa` lilinikaa kichwani. Tulikuwa na skripti zetu ndogo za ndani, moja ya kujumlisha uzito wa magunia tuliyoitengeneza kama zoezi msimu wa korosho. Nikawaambia wanafunzi waiandikie ukurasa wake kwa Kiswahili. Wakaandika, `man hesabu-korosho` ikafunguka vizuri, tukapiga makofi. Kisha:

```
lexgrog hesabu-korosho.1
hesabu-korosho.1: parse failed
```

`lexgrog` ni jicho la karani. Inakuonyesha anachokisoma kwenye kichwa cha ukurasa kabla hajakiandika kwenye leja, na hapa hakusoma kitu. Ndilo lile onyo la `whatis parse for ... failed`. Ukurasa wa namna hii unaweza kutokea kwenye orodha ukiwa na maneno `(unknown subject)`, au usitokee kabisa.

Wanafunzi walikuwa wameandika kwa usahihi wote wa lugha yao:

```
.TH HESABU-KOROSHO 1
.SH JINA
hesabu-korosho - jumlisha uzito wa magunia
```

Karani anakitafuta kichwa cha `NAME`. Anakijua pia kwa Kifaransa, Kijerumani, Kirusi na lugha nyingine kadhaa, lakini `JINA` haimo kwenye orodha yake. Basi kichwa hicho kimoja kikabaki Kiingereza, na kistari tukakiandika kwa `\-`, kikiwa na nafasi mbele na nyuma, kama kurasa nyingine zinavyofanya. Vichwa vingine vyote vya chini, MAELEZO, MIFANO, MAKOSA, tuliviacha kwa Kiswahili. Hivyo karani havimhusu.

```
.TH HESABU-KOROSHO 1
.SH NAME
hesabu-korosho \- jumlisha uzito wa magunia
.SH MAELEZO
```

Tukainakili, tukagusa folda, tukamwita karani:

```
sudo cp hesabu-korosho.1 /usr/local/share/man/man1/
sudo touch /usr/local/share/man/man1
sudo mandb -q
```

Yule wa dirishani ndiye aliyeomba kujaribu wa kwanza.

```
apropos magunia
hesabu-korosho (1)   - jumlisha uzito wa magunia
```